Gari la taka hatulioni, ila bili ya taka imekuja na mgambo wawili

Wakuu salaam, ila leo nina hasira kwahiyo mnivumilie.

Jumamosi asubuhi nimegongewa geti nikajua gari la taka limefika, maana viroba vyangu vimekaa mpaka funza wanatoka barabarani kama wanaenda kulitafuta wenyewe. Natoka nakuta dada na kimashine chake cha risiti na mgambo wawili. Nadaiwa 35,000, yaani 5,000 mara miezi saba. Kwa hiyo miezi saba gari nimeliona mara nne, mara nne tu aisee, hizo siku zingine nimemlipa kijana wa guta 1,000 kwa kiroba na anakoenda kuvimwaga sijawahi kuuliza (nadhani wote tunajua, mvua ikinyesha mtaro unajibu).

Na sio kwamba sijawahi kutoa kitu. Kuna jamaa wa kampuni ya kuzoa taka alikuwa anapita na daftari, ukimdai risiti anakwambia mtandao unasumbua. Nimempa 10,000 kwa mkono wangu. Dada anasema kwenye mfumo haisomi. Sasa si mngesema mapema kwamba daftari na mfumo hawafahamiani??

Nyumba ya pili kutoka kwangu ina wapangaji sita, bili moja. Mama anayeuza genge barazani kwake ana bili mbili, ya makazi na ya biashara, kwa ndizi na nyanya za kwenye meza moja. Nani alihesabu hizi nyumba na alikuwa amelala wapi?

Nikaenda kwa mtendaji. Kumbe kampuni hailipwi na halmashauri, inajikusanyia yenyewe, inapeleka fungu la halmashauri na kinachobaki ndo mafuta na posho za vijana. Basi ndo nikaelewa kwanini gari linashinda kule kwenye mageti makubwa wanakolipa na huku kwetu linakuja kama mgeni wa Idi. Sisi hatulipi kwasababu halifiki, halifiki kwasababu hatulipi, na halmashauri imekaa pembeni inasubiri fungu lake. Halafu kwenye bajeti wanachukua idadi ya nyumba wanazidisha kwa 5,000 utadhani kila mtu atalipa, hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya mafuta ya kutoka huku mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi na foleni zetu hizi za Dar, na masika njia ikiwa tope gari likipiga trip moja kwa siku mshukuru Mungu. Na taka zenyewe zaidi ya nusu ni maganda na mabaki ya chakula, mzigo wa maji mtupu tunaosafirisha hadi Pugu.

Mimi nasema hivi, anayezoa asishike hela. Watu walipe kwa kontrol namba (ile namba ya malipo ya serikali), kampuni ilipwe kwa trip zilizofika dampo, na mjumbe asaini kwamba gari lilipita mtaani kwake. Wiki halijaja hakuna bili ya hiyo wiki. Na kwenye mkutano wa mtaa tusomewe zimeingia ngapi zimeenda wapi, sio tunasomewa majina ya wadaiwa tu.

Na asije mtu hapa na ile ya "wakate kwenye LUKU". Kodi ya jengo imewekwa huko tangu 2021, ilianza 1,000 kwa mwezi sasa hivi 1,500, na mpaka leo wapangaji wanamlipia mwenye nyumba jengo lake kila wakinunua umeme. Mkiweka na taka ndo tutakatwa kimyakimya na gari tusilione kabisa.

Nimekataa kulipa 35,000. Nimewaambia nalipa 20,000 za ile miezi ambayo gari lilipita, wamesema wanarudi Jumatatu na barua ya mahakama. Mwenye uzoefu wa kupinga bili ya taka anielekeze, unaanzia kwa mtendaji wa kata au unaenda moja kwa moja manispaa kwa afisa mazingira? Viroba bado viko getini.