Kwa nini mnara wa ngome ya Matsumoto uliinama?

Mkazi wa Kikuyu, Dodoma
Ndugu zangu, ninafundisha historia katika sekondari moja hapa jijini. Mwanafunzi mmoja ameniletea picha ya zamani ya ngome ya Matsumoto, mji ulioko mkoani Nagano nchini Japani, mnara wake mkuu ukiwa umelalia upande. Amesoma mahali kwamba uliinamishwa na macho ya mkulima aliyekuwa akisulubiwa. Je, kuna ukweli wowote, na ngome yenyewe ilinusurikaje?

Mwalimu Mstaafu, Kondoa
Mkulima huyo ni Tada Kasuke, na uasi wake si hadithi. Mwaka 1686 aliwaongoza wakulima kudai kodi ya mchele ipunguzwe. Maofisa wa mtawala wakawakubalia ili warudi vijijini, kisha wakaikana ahadi hiyo na kuwaua watu 28, wakiwamo watoto wa Kasuke mwenyewe. Masimulizi yanasema aliukazia mnara macho hadi ukainama. Hata hivyo picha ya mwanafunzi wako ni ya zama za Meiji, yaani enzi ya mfalme wa Japani iliyoishia 1912, zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake, kwa hiyo hayo macho yalichukua muda mrefu kufanya kazi.

Fundi Seremala, Mpwapwa
Mwalimu, shikamoo. Sababu ilikuwa chini ya sakafu. Tofauti na ngome nyingi za kale zilizokaa vilimani, hii ilijengwa kwenye tambarare yenye maji na kuzungushiwa mahandaki, na mnara wake wa miaka ya 1590, wenye uzito wa takriban tani 1,000, ulibebwa na nguzo 16 za mbao zilizofichwa ndani ya msingi wa mawe. Nguzo hizo zilioza. Aliyewahi kukarabati tembe la Kigogo anajua kwamba nguzo huanza kufa pale inapoingia ardhini, ingawa kwetu mharibifu ni mchwa. Katika matengenezo ya 1950 hadi 1955 waliweka msingi wa zege.

Mwalimu Mstaafu, Kondoa
Marahaba, fundi. Kuhusu kunusurika: mwaka 1872 mnara uliuzwa kwa mnada ili ubomolewe. Mwenyeji mmoja, Ichikawa Ryozo, aliandaa maonyesho humo humo ndani, na mapato yakasaidia kuukomboa. Baadaye mkuu wa shule, Kobayashi Unari, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakichezea uwanja wa ngome, alihamasisha michango, na mnara ukakarabatiwa kati ya 1903 na 1913.