Moduli za uhakika au za pata potea kwenye EVE Online: ipi inastahili ISK zako?

Nahodha_Zuhura (mleta mada)

Wadau, nawasalimu nyote. Nimerusha Hurricane, chombo cha vita cha angani katika mchezo huu wa mtandaoni, kwenye mapigano ya vikundi vidogo kwa muda wa kutosha kuujua udhaifu wake, na sasa nimeweka akiba ya ISK (sarafu ya mchezo) inayotosha kukiboresha chombo hicho mara moja kwa uzito unaostahili. Niko njia panda.

Njia ya kwanza ni kununua moduli (vifaa vinavyofungwa kwenye chombo) ambazo takwimu zake zinajulikana kabla hujalipa, yaani za Tech 2, daraja la pili la teknolojia, au zile bora zaidi za majeshi ya himaya. Ukinunua, unajua ngao itaongezeka kwa kiasi gani, mizinga itapiga kwa kasi gani, na kompyuta ya chombo itabeba mzigo kiasi gani. Njia ya pili ni kununua moduli hizo hizo pamoja na mutaplasmidi, kisha kuziunganisha na kusubiri matokeo. Kwa wasiozifahamu, mutaplasmidi zilikuja na toleo la Mei 2018 lililofungua maeneo ya anga yaitwayo Abyss. Ukiiweka juu ya moduli, zote mbili hutumika na kutoweka, na mahali pake unapata moduli moja mpya ambayo kila sifa yake inayoguswa imepanda au kushuka ndani ya mipaka iliyotangazwa. Moduli hiyo haiwezi kugeuzwa tena, kwa hiyo ulichopata ndicho ulichonacho.

Naomba ulinganisho wa watu waliokwisha kutumia njia zote mbili, hasa kuhusu moduli za kuongeza ngao na zile za kuongeza nguvu ya mizinga, kwa kuwa ndizo ninazotaka kuzishughulikia.

FundiMitambo

Ndugu mleta mada, ningeanza na mizinga, kwa sababu hapo hesabu inajieleza yenyewe. Moduli moja ya Tech 2 ya kuimarisha mizinga ya risasi huongeza uharibifu wa kila pigo kwa asilimia 10 na kupunguza muda kati ya mapigo kwa asilimia 10.5, na ukiyaunganisha hayo mawili unapata ongezeko la takriban asilimia 23 kwa kila sekunde ya vita. Ukiweka ya pili, mchezo huihesabu kwa takriban asilimia 87 tu ya nguvu yake. Ya tatu huhesabiwa kwa asilimia 57, na ya nne kwa asilimia 28. Ndiyo maana ya pili inakupa takriban asilimia 20, ya tatu asilimia 12, na ya nne asilimia 6 pekee.

Sasa tuseme unazo tatu, na bahati ikakupa moduli moja iliyogeuzwa yenye nguvu ya asilimia 25 badala ya 23. Mchezo hupanga moduli zenyewe kwa nguvu, hivyo hiyo mpya itahesabiwa kwanza na kwa ukamilifu. Hata hivyo, nguvu ya chombo kizima itapanda kwa chini ya asilimia 2. Kwa gharama ya majaribio kadhaa yaliyoharibika kabla ya kuipata hiyo moja, mtu anaweza kujikuta amelipia Hurricane nyingine kamili. Kwa mizinga, mimi nasimama upande wa uhakika bila kusita.

Mpiga_Hesabu

Nakubaliana na hesabu ya Fundi, lakini nadhani swali limewekwa kwa namna inayoficha jambo la msingi. Tunazungumza kana kwamba Tech 2 ni ya uhakika na mutaplasmidi ni ya bahati, ilhali moduli ya Tech 2 unayoinunua sokoni nayo, mara nyingi, imezaliwa kwa bahati. Mtengenezaji huchukua nakala ya ramani ya kutengenezea moduli ya Tech 1, daraja la chini yake, na viini vya data vinavyotumika katika utafiti, kisha hufanya uvumbuzi ambao kwa moduli una uwezekano wa msingi wa asilimia 34 kufaulu. Akiwa amefunzwa ujuzi wote unaohusika hadi ngazi ya tano, uwezekano hupanda hadi karibu asilimia 50. Akishindwa, viini vya data na mzunguko ule wa nakala vimekwenda.

Kwa nini basi sisi wanunuzi hatuioni bahati hiyo? Kwa sababu mtengenezaji hafanyi jaribio moja. Kwa asilimia 34, anayejaribu mara 3 ana uwezekano wa takriban asilimia 29 wa kutoka mikono mitupu, na hilo linaumiza. Anayejaribu mara 10 anatoka mikono mitupu kwa chini ya asilimia 2 tu. Anayejaribu mara 100 atafaulu karibu mara 34, na ni nadra sana kupungukiwa chini ya 25 au kuvuka 43. Kwake yeye bahati imegeuka kuwa gharama ya kawaida ya uzalishaji, ambayo ameshaiingiza kwenye bei unayoiona sokoni.

Kwa hiyo swali langu kwako, Nahodha, ni hili: akiba yako inatosha majaribio mangapi? Kama ni manne au matano, unachukua hatari yote ya mtengenezaji bila kuwa na wingi wake unaomlinda.

Kivuli_cha_Mshtarii

Ndugu zangu, mmeizungumzia mizinga vizuri, lakini ngao ni habari nyingine kabisa, na naomba nisikilizwe kwa subira kwa sababu nimegeuza moduli nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Moduli kubwa ya kuongeza ngao ikigeuzwa, sifa nne huguswa: kiasi cha ngao inachoongeza, ukubwa wa alama ya chombo inayoonekana kwa adui, mzigo wa kompyuta, na mahitaji ya umeme. Kila moja hupata bahati yake. Tuchukulie kwa urahisi kwamba kila sifa ina nusu kwa nusu ya kuwa bora au mbaya zaidi. Moduli iliyoboreka katika sifa zote nne itatokea mara moja katika 16, na hata ukijaribu mara 10 uwezekano wa kuipata moja ya namna hiyo bado ni chini ya nusu. Mtu akiishia hapo, atamwunga mkono Fundi.

Lakini ni nani anayehitaji zote nne? Chombo ambacho kina umeme wa ziada hakijali moduli ikila umeme zaidi. Chombo kinachopigana kikiwa kimesimama karibu na mizinga mikubwa ya adui hakipotezi sana alama yake ikikua kidogo. Mwenye chombo akijua ni sifa gani mbili anazozihitaji, na ni zipi anaweza kuzitoa sadaka, idadi ya matokeo yanayomfaa huongezeka mara nne, kutoka 1 katika 16 hadi 1 katika 4. Hapo ndipo ujuzi unapoingia, na ndiyo sababu napinga neno pata potea. Anayegeuza bila kukijua chombo chake anabahatisha kweli. Anayekijua anatafuta.

Jambo jingine ni kwamba isiyonifaa mimi inaweza kumfaa mwingine. Moduli yenye ngao nyingi lakini inayolemea kompyuta nimeiuza kwa mtu ambaye chombo chake kilikuwa na kompyuta isiyotumika. Mauzo ya namna hiyo hayafanyiki kwenye soko la kawaida, kwa kuwa kila moduli iliyogeuzwa ni ya pekee na haiwezi kupangwa na nyingine kwa bei moja, bali hupitia mikataba, yaani mauzo ya mtu kwa mtu ya kitu kimoja kimoja. Kuuza kwa mkataba ni kazi ya uvumilivu.

FundiMitambo

Nimekuelewa, Kivuli, na hoja ya sifa mbili naikubali. Lakini ukumbuke mleta mada anarusha chombo cha mapigano ya vikundi vidogo. Chombo hicho kitalipuka. Sisemi hivyo kwa kumbeza, kwa sababu hata vyangu hulipuka. Bima ya mchezo hulipia gamba la chombo tu. Moduli hazilipiwi hata senti. Kila moduli iliyofungwa ina takriban nusu ya uwezekano wa kuharibika pamoja na chombo, na nusu inayobaki humwangukia yule aliyekushinda. Ile moduli uliyoitafuta kwa wiki tatu, yeye ataibeba kwa dakika moja.

Tena kuna uchungu ambao hesabu haiuonyeshi. Niliwahi kufunga moduli ya ngao iliyogeuzwa vizuri mno, na kuanzia siku ile nikawa naogopa kupigana. Nilikuwa nakwepa mapambano ambayo awali ningeyakimbilia. Chombo kilikuwa bora kwa takwimu, na mimi nikawa rubani mbaya zaidi kwa sababu yake. Moduli ya Tech 2 ikipotea, ninaichukua nyingine sokoni siku hiyo hiyo na ninarudi vitani nikiwa na chombo kilekile ambacho mikono yangu imekizoea.

Nahodha_Zuhura

Nawashukuru sana wote. Mpiga_Hesabu, akiba yangu inatosha majaribio 6 ya ngao, au labda 7, nikitumia moduli za Tech 2 kama msingi. Nikitumia za majeshi ya himaya kama msingi ni majaribio 2 tu, ingawa najua matokeo huanzia juu zaidi kwa kuwa mabadiliko hukokotolewa kutoka sifa za moduli ya msingi.

Kivuli, kompyuta ya chombo changu imejaa karibu kabisa. Je, hilo linabadilisha ushauri wako?

Kivuli_cha_Mshtarii

Linabadilisha sana, dada Nahodha, na ningependa ungelitaja mwanzoni. Chombo kilichojaa kompyuta hakina cha kutoa sadaka upande huo, na sifa ya kompyuta inakuwa ya lazima. Unahitaji ngao bora na kompyuta isiyopanda, na alama isiyokua sana kwa kuwa Hurricane inategemea mwendo. Hizo ni sifa tatu, yaani takriban 1 katika 8 kwa makadirio yetu yale yale, na majaribio yako ni 6. Uwezekano wa kukosa kabisa ni takriban asilimia 45, yaani karibu nusu kwa nusu, na akiba yako yote itakuwa imekwenda. Kuna pia mutaplasmidi za daraja la chini, ambazo mabadiliko yake ni madogo kwenda juu na kwenda chini, na hizo haziumizi sana zikikosea. Lakini faida yake nayo ni ndogo, na kwa hali yako nisingezipendekeza. Zile zisizotulia, zenye mipaka mipana kuliko zote, zinaweza kukupa moduli ambayo chombo chako kitashindwa kuiwasha.

Kuna njia ya tatu ambayo hatujaigusa. Nunua moduli iliyokwisha kugeuzwa na mtu mwingine. Kwenye mikataba unaona kila sifa kabla ya kulipa, unaweza kuipima katika mpangilio wa chombo chako, na aliyekula hasara ya majaribio yaliyoshindwa ni yeye.

Mpiga_Hesabu

Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naielekea. Bahati ya mwingine ikishatokea, kwako ni uhakika. Linganisha tu bei kwa uangalifu, maana wauzaji huweka bei kwa kutazama sifa moja inayong'aa na kunyamazia zile zilizoshuka.

Mzee_wa_Zohali

Naongeza neno moja la kihistoria kwa sababu linahusu haki katika mchezo wenyewe, na jambo hili huwa linanigusa. Mchezo huu ulianza Mei 2003, na katika miaka yake ya mwanzo ramani asilia za Tech 2 ziligawiwa kwa bahati nasibu kupitia mawakala wa utafiti. Aliyeshinda aliweza kutengeneza moduli hizo bila kikomo, na aliyekosa alinunua kwake kwa bei aliyoitaka yeye. Uvumbuzi ulipoletwa mwishoni mwa 2006, bahati haikuondolewa. Iligawanywa katika vipande vidogo ambavyo kila mwenye ujuzi na bidii angeweza kuvijaribu tena na tena. Ramani zile za zamani zipo hadi leo mikononi mwa wachache.

Ninapowasikia vijana wakiichukia bahati kwa jumla, huwa nawaomba watofautishe bahati inayokuja mara moja na kumpa mtu mmoja enzi, na bahati ndogo inayorudiwa hadi ikasawazika. Mutaplasmidi ziko katikati ya hizo mbili, na kwa mwenye majaribio 6 ziko karibu zaidi na ile ya kwanza.

Nahodha_Zuhura

Nimefikia uamuzi. Mizinga nitaiacha na moduli tatu za Tech 2 kama Fundi alivyoshauri. Kwa ngao, nimeipata kwenye mikataba moduli moja iliyogeuzwa ambayo ngao yake imepanda, alama imepungua kidogo, na kompyuta imeshuka kiasi cha kunipa nafasi niliyoikosa kwa muda mrefu. Umeme ndio uliopanda, nao ninao. Bei yake ni chini ya majaribio matatu kati ya yale 6. Akiba iliyobaki itanunua Hurricane ya pili yenye moduli za kawaida tupu, ili ya kwanza ikilipuka nisikae bandarini nikiomboleza. Mzee, asante kwa historia hiyo, nilikuwa siijui.

FundiMitambo

Hurricane ya pili ndiyo sehemu ya mpango niliyoipenda zaidi. Ukiifunga ile ya mkataba, usianze kukwepa mapambano kama mimi.