Hiace ya dizeli (1KD) inavuja oili nyuma ya injini hata baada ya kubadilishiwa sili mara mbili

Dereva wa Rongai

Salamu kwenu nyote. Ninamiliki Hiace ya abiria 14 yenye injini ya dizeli ya 1KD, lita 3.0, ambayo hufanya kazi kati ya mjini Nairobi na Rongai. Tangu Februari gari hili limekuwa likidondosha oili pale injini inapokutana na gia boksi. Kila alfajiri nikiliondoa mahali lilipolala, linaacha doa lenye upana wa kisahani cha chai, na kila wiki ninalazimika kuongeza takriban lita moja.

Fundi wa kwanza alichungulia kwa dakika chache, akasema ni oili sili (pete ya mpira inayozuia oili) ya nyuma ya krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, akashusha gia boksi na kuibadilisha. Nilipata nafuu ya siku tisa. Fundi wa pili alidai kwamba mwenzake alitumia sili bandia, akashusha gia boksi tena na kuweka sili niliyoinunua mwenyewe Kirinyaga Road kwa muuzaji ninayemwamini, lakini wiki mbili baadaye doa lilikuwa limerudi palepale. Nimekwisha kulipa shilingi 6,000 za kazi mara mbili, bila kuhesabu spea na siku ambazo gari halikwenda barabarani, na sasa fundi wa tatu anasema sili ibadilishwe tena pamoja na klachi. Nilikwisha hata kununua sili ya tatu.

Kuna mambo mengine mawili ambayo sijui kama yanahusika. Oili hugeuka nyeusi tititi siku mbili tatu tu baada ya servisi, na injini ikiwashwa asubuhi hugonga kwa muda wa dakika moja hivi kabla ya kutulia. Mwezi ujao gari linatakiwa Likoni Road kwa ukaguzi wa mwaka, nami nisingependa kulipeleka likiwa linadondosha. Je, nifanyeje ili niwe na hakika ya mahali oili inapotoka kabla sijakubali gia boksi ishushwe mara ya tatu?

Msafiri wa Eastlands

Pole sana ndugu. Mimi nilipopatwa na shida kama hiyo niliambiwa niweke oili nzito zaidi, ile ya 20W-50, pamoja na dawa ya kuzuia uvujaji inayouzwa kwenye vikopo vidogo. Ilinisaidia kwa miezi kadhaa. Jaribu hilo kwanza kwa kuwa ni rahisi kuliko kushusha gia boksi.

Fundi wa Dizeli, Kariobangi

Ndugu Dereva, mwambie huyo fundi wa tatu asubiri. Sili moja inaweza kuwa mbovu au ikapigwa nyundo vibaya wakati wa kuingizwa, lakini sili mbili zilizowekwa na mafundi wawili tofauti zikishindwa ndani ya wiki chache, inafaa tuache kuilaumu sili na tuulize ni kitu gani kinachoisukuma oili nje. Kuhusu dawa aliyoitaja Msafiri, kazi yake ni kuvimbisha na kulainisha mpira uliokakamaa kwa uzee. Sili yako haijafikisha hata miezi miwili, kwa hiyo hakuna mpira mzee wa kutibiwa hapo.

Kwanza tafuta chanzo, na usikitafute ukiwa chini ya gari peke yake. Oili huteremka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo tone linaloning'inia chini ya nyumba ya klachi linaweza kuwa lilianzia juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu ya injini), likashuka kwa nyuma ya silinda hedi pasipofikiwa na jicho. Hiace inazidisha tatizo hili kwa sababu injini imefichwa chini ya viti vya mbele. Anayeichungulia kutoka shimoni huona palipolowa, haoni panapolowesha. Inua viti, fungua kifuniko, kisha usafishe injini yote kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi hadi chuma kionekane. Alteneta na soketi za nyaya zifunge kwa mfuko wa plastiki kabla ya kumwaga maji. Ikikauka kabisa, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio yote ya nyuma na ya ubavuni, endesha kilomita 10 au 15, halafu utazame tena kwa tochi na kioo kidogo. Oili huacha mchirizi mweusi kwenye poda, na alama unayoitafuta ni ile iliyo juu kuliko zote.

Chovya kidole pia kwenye hilo tone na ulinuse. Oili ya gia boksi ina harufu kali inayokaribia ya kiberiti na kwa kawaida haiwi nyeusi kama ya injini ya dizeli. Nimewahi kuona watu wakibadilisha sili ya krenkishafti ilhali inayovuja ni ya shafti ya gia boksi. Ukisikia harufu ya dizeli, hilo ni jambo jingine, na hapo usipitishe mkono karibu na mabomba ya nozeli (vipulizia dizeli) injini ikiwa inanguruma, kwa sababu mfumo huo hufanya kazi kwa zaidi ya baa 1,000 na mchirizi mwembamba kama uzi unaweza kupenya ngozi.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishuku. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache kimekaa juu ya tundu lake. Injini yoyote ya dizeli hupumua kidogo hapo, hivyo usishtuke ukihisi upepo. Kinachonihusu ni pumzi inayopiga kwa mdundo, yenye moshi, ambayo inakirusharusha kifuniko. Ukitaka kipimo badala ya makisio, tafuta kifuniko kikuukuu, kitoboe, ukifunge mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, na sehemu ya mpira huo uikunje kama herufi U yenye maji nusu. Kila sentimita 10 za tofauti kati ya maji ya upande mmoja na mwingine ni takriban kilopaskali moja ya shinikizo ndani ya injini. Sili ya krenkishafti imeundwa kuzuia oili inayorushwarushwa na mzunguko, haikuundwa kuzuia hewa inayoisukuma kutoka ndani.

Shinikizo likiwa kubwa, kagua brida kwanza, yaani njia ya kupumulia injini, maana mpira wake ukiziba au ukibanwa, hewa haina pa kutokea. Brida ikiwa safi, basi gesi inaingia kwa wingi kuliko kawaida, na njia zake ni tatu: ringi za pistoni zilizokwisha, tabo (turbo, kisukuma hewa cha injini) iliyochakaa inayopitisha hewa kwenye bomba lake la kurudishia oili, au washa, yaani pete bapa za shaba, zilizo chini ya nozeli. Tabo huanza kusukuma hewa injini inapovuta, kwa hiyo shinikizo likiwa juu hata sailensa, tabo haiwi mshukiwa wa kwanza. Kwenye 1KD mimi huanza na washa. Nozeli zimesimama chini ya kava ya tapeti, na washa ikipoteza mkazo wake, gesi ya mwako huponyoka, hupita kwenye njia za kurudishia oili na kushuka hadi chini kwenye krenkishafti. Masizi yake ndiyo yanayoigeuza oili kuwa nyeusi kwa siku mbili tatu, na nozeli isiyokaa sawa yaweza kuwa ndiyo inayogonga asubuhi.

Jambo hili silisemi kwa ajili ya doa la asubuhi tu. Masizi hayo huganda, hukatika vipandevipande, na huishia kwenye kichujio cha kunyonyea oili kilichomo ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kichujio kikiziba, pampu hukosa cha kunyonya na beringi za krenkishafti huungua, na hapo hutazungumzia tena shilingi 6,000.

Mwenye Pikapu, Ruiru

Naomba kuongeza kisa kidogo, ingawa injini yangu ni ya Isuzu 4JB1. Nilihangaika na oili upande wa chini wa injini kwa karibu mwaka mzima, nikabadilisha gasketi ya sampu mara mbili, kumbe oili ilikuwa ikitoka kwenye pampu ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya alteneta, ambayo hulishwa oili kwa mpira mdogo na kuirudisha kwa mwingine. Mpira wa kurudishia ulikuwa umepasuka kwenye kibano, mpasuko usiozidi kucha ya kidole. Poda ndiyo iliyonionyesha. Mafundi wote kabla ya hapo walikuwa wakianza na sampu kwa sababu ndiyo iliyokuwa imelowa.

Dereva wa Rongai

Ninawashukuru wote. Jumamosi sikulipeleka gari kazini, nikafanya kama Fundi alivyoeleza pamoja na makanga wangu. Tuliosha, tukapaka poda, tukaenda hadi Kiserian na kurudi. Mchirizi wa juu kabisa ulikuwa kwenye kona ya nyuma ya kava ya tapeti upande wa kushoto, lakini haukuwa peke yake: sili ya mbele ya krenkishafti nayo imeanza kulowa, na ndani ya tundu dogo la chini ya nyumba ya klachi kuna oili pia. Ni sehemu tatu, na moja sikuwa na habari nayo.

Kifuniko cha oili kilichezacheza kama kifuniko cha sufuria ya githeri. Tulipofunga ule mpira wenye maji, tofauti ilikuwa sentimita 28 sailensa, na nilipokanyaga mafuta maji yote yalirushwa yakamlowesha makanga. Brida tuliivua na kuipuliza kwa mdomo, haina kizuizi. Je, nianze na nozeli moja kwa moja, au nipime kompresheni kwanza?

Fundi wa Dizeli, Kariobangi

Sentimita 28 sailensa ni nyingi mno, na sehemu tatu zikivuja kwa wakati mmoja ni ushahidi kwamba tatizo haliko kwenye sili. Anza na nozeli. Kipimo cha kompresheni hupitishwa kwenye matundu ya plagi za kupasha joto na ni kizuri kwa kujua hali ya ringi, lakini washa inayovuja kidogo yaweza isionekane kwenye geji, wakati ukiivua utaiona kwa macho.

Kila nozeli iwekwe alama ya silinda yake na irudishwe palepale. Washa za zamani zitupwe. Usikubali zichomwe kwa moto na kurudishwa, desturi ambayo najua bado ipo hata kwa mafundi wazuri. Kikalio cha nozeli kisafishwe kwa kifaa chake maalumu hadi kiwe na mng'ao sawa pande zote, la sivyo washa mpya itafuata njia ya ile ya zamani. Badilisha pia mipira inayozunguka nozeli kwenye kava ya tapeti pamoja na gasketi ya kava yenyewe, kwa kuwa tayari utakuwa umeifungua. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa kukisia.

Kisha shusha sampu. Hili usiliahirishe. Wakati wa kuirudisha, silikoni iwekwe uzi mmoja mwembamba, milimita 3 hadi 4, kwenye chuma kilichokwanguliwa na kufutwa kikavu. Silikoni inayomwagika kwa ndani hukatika na kwenda kukaa kwenye kichujio kilekile tunachojaribu kukiokoa.

Gia boksi iache ilivyo kwa sasa. Endesha wiki mbili bila shinikizo, halafu uamue. Ikiendelea kulowa, fundi atakayeishusha aangalie mambo mawili ambayo huenda wenzake hawakuyaangalia: kama ncha ya sili imechimba mfereji kwenye krenkishafti, na kama oili inapita kwenye sahani inayoshikilia sili, ambayo nayo huzibwa kwa silikoni.

Dereva wa Rongai

Ninarudi na majibu baada ya wiki tatu. Washa ya silinda ya tatu ilikuwa na mstari mweusi uliokatiza kutoka ndani hadi nje, na nozeli yake ilikuwa imezungukwa na masizi magumu kama lami iliyokauka hata ikachukua saa nzima kuitoa. Zile nyingine tatu zilikuwa na afadhali. Ndani ya sampu, karibu nusu ya kichujio ilikuwa imezibwa na vipande vyeusi vinavyofanana na machicha ya kahawa. Fundi alivikusanya kwenye kifuniko cha chupa na kunionyesha, akaniambia nimebahatika.

Baada ya kazi hiyo tulipima tena kwa ule mpira, na tofauti ya maji ilikuwa sentimita 2. Mgongo wa injini ni mkavu, sili ya mbele ni kavu, na kugonga kwa asubuhi kumekwisha. Chini ya nyumba ya klachi bado hupatikana tone moja baada ya siku nzima ya kazi, ambalo nadhani ni oili iliyosalia kwenye klachi, kwa sababu linapungua. Kadibodi ninayotandika usiku leo asubuhi ilikuwa na alama ndogo kuliko sarafu ya shilingi 5. Gari limekwenda Likoni Road na kurudi na cheti. Sili ya tatu ingali kwenye dashibodi, haijatolewa kwenye pakiti yake, na muuzaji wa Kirinyaga Road amekubali kuibadilisha kwa filta ya oili.