Jumamosi bila geti: gumzo la kundi "Wajukuu wa Babu Tabata"

Jumatano usiku

Rehema Mwanza: Asalaam aleikum wote. Tumeshafika Tabata, basi limetuchosha ila alhamdulillah. Baba hajambo, watoto wamelala.

Mwajuma: Waaleikum salaam mdogo wangu, poleni na safari. Joto linawasubiri huku

Side: Pole dada. Wajomba wangu wamekua?

Rehema Mwanza: Wamekua na midomo pia. Toka Morogoro Sudi anauliza bahari iko wapi. Nimewaahidi Jumamosi. Mniambie pa kuwapeleka, ila nisiwadanganye, nimebaki na nauli ya kurudia tu.

Baba Nasra: Kuna ile sehemu tuliyoenda Idi

Mama Nasra: Baba Nasra tafadhali.

Mwajuma: 😂😂😂

Side: Shemeji hadithia, Rehema hakuwepo

Mama Nasra: Hakuna cha kuhadithia shemeji. Tangazo limeandikwa HAKUNA KIINGILIO. Tumefika na watoto watano, mlangoni tunakaguliwa mikoba kama uwanja wa ndege, chakula cha nje marufuku. Pilau langu likabaki kwa mlinzi. Ndani soda elfu nne, na kiti hukalii mpaka uagize. Tumetoka na njaa, namkuta mlinzi ameshafungua hotipoti.

Baba Nasra: Alisema alikuwa anaangalia kama limepoa

Mwajuma: Basi safari hii sheria ni moja. Penye geti hatuendi.

Alhamisi

Side: Mbudya?

Mwajuma: Boti unalipa, au utapiga mbizi? Na kisiwani kuna kiingilio, ile ni hifadhi.

Nasra: Makumbusho ya Taifa shangazi. Tumesoma Zinjanthropus, fuvu lilipatikana Olduvai 1959, nataka kuliona

Mwajuma: Pana geti mwanangu. Tutakupeleka peke yako siku nyingine, si na kikosi hiki.

Baba Nasra: Wapandisheni pantoni. Feri mpaka Kigamboni na kurudi. Mtoto wa bara hatasahau

Side: Kaka pantoni mia mbili

Baba Nasra: Mia mbili ni hela?

Side: Mara watu wanane, kwenda na kurudi. Piga hesabu halafu utume.

Baba Nasra: Niko kazini nitawajibu baadaye

Mwajuma: 😂 huyo karudi kazini ghafla

Side: Mimi napendekeza hivi. Asubuhi mapema Feri sokoni, tuone samaki wanavyonadiwa, hapo hulipi kuangalia. Tunatembea kwa mguu Kivukoni Front, tunapita kanisa la Azania Front, tunatokea Sanamu ya Askari, Bustani ya Mimea. Halafu daladala moja, tunavuka daraja la Tanzanite kwa miguu, tunaangukia ufukwe wa Coco. Nauli tu, na muhogo kwa mwenye uwezo.

Rehema Mwanza: Side hao watoto wana miaka sita

Side: Ndiyo maana kuna mabega yangu

Mwajuma: Feri wavae viatu vya kufunika, sakafu ile maji ya samaki saa zote. Na Nasra simu mfukoni, pale ni ubavuni mwa Ikulu, usielekeze kamera huko.

Nasra: Sawa shangazi

Rehema Mwanza: Coco tufike saa ngapi? Nilikuwa nafikiria jioni jua likipoa.

Babu: 🎤 ujumbe wa sauti, 2:41

Mama Nasra: Bando langu halifungui voisi. Nasra mwanangu andika Babu anasemaje

Nasra: Babu anasema: Shikamooni za watoto nimezipokea, marahaba. Rehema, wewe umezoea ziwa. Ziwa halina ratiba. Bahari ina ratiba yake. Kesho Ijumaa mwezi mpevu, kwa hiyo ni bamvua, maji yanakupwa sana na yanajaa sana. Jumamosi yatakupwa kama saa tano asubuhi, na jioni saa kumi na moja yatakuwa yamejaa mpaka ukutani. Mkienda jioni mtakuta maji yanapiga ukuta, mtoto wa miaka sita atacheza wapi? Nendeni saa tano kasoro. Nilipokuwa bandarini hatukuangalia saa ya ukutani, tuliangalia mwezi.

Nasra: Halafu amekohoa. Halafu anasema kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, msije mkaenda wiki ijayo saa ile ile mkamlaumu.

Rehema Mwanza: Baba nimekuelewa. Maana sisi Mwanza ukisahau ndala ufukweni, kesho unaikuta pale pale

Mwajuma: Kama hakupita mtu mwenye mguu kama wako

Side: Ratiba ya Babu imepita. Maji yakianza kurudi hakuna kuogelea mbali, tunacheza vidimbwini tu.

Ijumaa

Mwajuma: Natoa maandazi sitini. Msiniulize hesabu.

Mama Nasra: Nabeba chapati na maharage ya nazi, nitawakuta Coco moja kwa moja. Hotipoti ni ile ile. Safari hii naishika mwenyewe.

Mwajuma: VIKOBA: wanaodaiwa hisa mwisho leo saa kumi, asiyeleta jina lake litasomwa

Mwajuma: Samahani kundi siyo

Baba Nasra: Nimeshaogopa

Jumamosi

Nasra: 6:48 asubuhi. Tuko Feri. Dalali anaongea haraka kuliko mtangazaji wa mpira. Wameweka changu chini, watu wamezunguka, mmoja kapandisha nyusi tu fungu likawa lake. Sudi na yeye kapandisha nyusi, mjomba Side kamziba uso kwa kofia

Side: Alitaka kutununulia fungu la jodari huyu. Nasema mwanangu hapa nyusi ni hela

Mwajuma: 😂😂😂 pweza wapo?

Nasra: Wapo, kuna kaka anawapigapiga chini walainike. Mariamu analia anasema pweza kakosa nini

Rehema Mwanza: Tumeondoka hapo. Harufu imeingia mpaka kwenye maandazi.

Nasra: 8:05. Askari. Nimempiga picha huyu inaruhusiwa

Baba Nasra: Waambie watoto wasome maandishi, kuna Kiswahili pale, na Kiingereza na Kiarabu

Nasra: Tumesoma. Imewekwa 1927, kwa ajili ya askari wa Kiafrika na wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Singe kaielekeza bandarini. Sudi anauliza anamchoma nani

Babu: 🎤 0:38

Nasra: Babu anasema: hapo alipo alikuwepo Mjerumani, Wissmann, sanamu yake. Waingereza walipoingia wakamwondoa. Na hao wapagazi ndiyo jina la Kariakoo, Carrier Corps, kambi yao ilikuwa kule. Sudi aambiwe hamchomi mtu, anasubiri daladala.

Side: Babu usituharibie historia

Rehema Mwanza: Bustani nimeipenda. Toka 1893 na geti halijatusumbua. Kivuli cha kweli kweli, miti ina vibao, tausi anatembea kama mwenye nyumba. Kuna mnazi wa Shelisheli, nazi yake wanasema moja tu inaweza kupita kilo ishirini.

Mwajuma: Hiyo ukiikuna pilau la mtaa mzima

Rehema Mwanza: Nimekaa dakika kumi bila mtoto kuniita. Msinipigie.

Side: 9:50. Tumeshuka kabla ya daraja la Salender, tumekata kulia kwa upande wa hospitali ya Aga Khan, tunapanda la Tanzanite. Kilomita moja na ushee juu ya maji, upepo unakunja kofia. Wanaofanya mazoezi wametupita mara mbili. Mariamu yuko begani, Sudi kagoma kubebwa anasema yeye mwanaume

Baba Nasra: Safi. Lilipofunguliwa 2022 nilisema litakuwa la magari tu, nimekosea

Mwajuma: Andikeni tarehe, kaka kakubali kosa

Nasra: Chini maji yameondoka kabisa, ni matope na ndege wenye miguu mirefu. Kule kwenye mikoko wamejaa

Rehema Mwanza: 10:40. Coco. Jamani.

Mwajuma: Nini?

Rehema Mwanza: Nimekuja na watoto kutoka Mwanza kuona bahari, bahari haipo. Ni mawe. Sudi kasimama mchangani kimya, kaniangalia, kaniuliza "mama, maji yameenda wapi?" Side anacheka anashika ubavu.

Side: Alidhani tumechelewa yameisha 😂 Nimewaambia twendeni tukayatafute. Sasa hivi tuko mbali, tunakanyaga mahali ambapo jioni ni kina cha mtu mzima. Vidimbwi kila jiwe. Sudi kapata kiti cha pweza chekundu, yule mnyama wa umbo la nyota, anakigeuza taratibu, chini kina vimiguu vidogo vidogo vinatembea kama vinahesabu. Amekaa nacho robo saa. Kakirudisha mwenyewe.

Nasra: Na kaa mdogo amembana mjomba Side kidole gumba. Kilio kimesikika Masaki

Side: Nilishtuka tu

Rehema Mwanza: Viatu vimesaidia, kuna vile vyenye miiba mieusi vimejificha kwenye mawe. Sudi lakini kavua ndala, kaziweka vizuri juu ya jiwe ili zisilowe.

Mama Nasra: 12:20. Nimefika na hotipoti iko mkononi. Hapa kila mtu amekaa anapotaka na chakula chake. Yule mlinzi aje aone.

Baba Nasra: Nibakizieni

Mama Nasra: Utakula kiporo.

Side: Mihogo tumenunua ya elfu mbili kwa wote, pilipili na ndimu juu, chachandu ya huyu mama ni balaa. Hiyo na nauli ndiyo matumizi ya leo. Dada, mchana tukitoka hapa twende Morogoro Stores kwa wachoraji wa Tingatinga? Siyo mbali. Sudi anapenda kuchora, na kuangalia wakichora ni bure. Mzee Tingatinga alianza 1968 na rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari, na mpaka leo rangi ni zile zile zinazong'aa.

Rehema Mwanza: Sudi kasikia baiskeli tayari kasimama. Twende.

Mwajuma: Mimi niko gengeni nauza nyanya nasoma simu nacheka peke yangu, wateja wanaondoka

Nasra: 1:50 mchana. Maji yanarudi. Hayaji kama wimbi, yanajaa tu, ukigeuka jiwe halipo. Tumeanza kukusanya vitu

Rehema Mwanza: Side ndala za Sudi uliziweka wapi?

Side: Mimi? Si aliziweka mwenyewe juu ya jiwe

Rehema Mwanza: Jiwe gani?

Side: Lile pale

Side: Lilikuwa pale

Mwajuma: 😂😂😂😂

Rehema Mwanza: Sudi hajalia hata. Kakodoa macho baharini anasubiri. Anasema Mwanza huwa unazikuta. Baba, anauliza kesho bahari itarudisha saa ngapi.

Babu: 🎤 0:19

Nasra: Babu kwanza anacheka. Halafu anasema: mwambie saa sita kasoro dakika kumi.