Mume hafiki kliniki: mama ampelekee kipimo cha kujipima VVU, au kuna njia nyingine?

Zamu_ya_Asubuhi

Wakuu, salaam. Nauliza wanaofanya kazi ya kliniki ya wajawazito. Mama anapimwa VVU hudhurio la kwanza na karibu wote wanakubali, lakini wenza wao hawaonekani. Barua za mwaliko zinatoka kila wiki, wanaoitikia ni wa kuhesabu. Sasa tunataka kumpa mama vipimo vya kujipima aende navyo nyumbani. Naomba kujua:

1. Mama aelekezwe nini hasa ili kipimo kisiharibike huko nyumbani?
2. Mume akiona mistari miwili (dalili ya VVU), kinafuata nini?
3. Akiona mstari mmoja (hakuna dalili), tumemalizana naye?

Na kuna mwenzetu anashikilia kwamba mama asihudumiwe mpaka aje na mume. Mnasemaje?

---

Mnasihi_wa_Wenza

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloharibu mengine yote. Mama asirudishwe. Anayekuja peke yake huenda hana mwenza, wameachana, mwenza yuko safarini, au ana mwenza anayempiga. Ukimfungia mlango, ama anaacha kliniki, ama anamtafuta mwanamume yeyote amsindikize ajiite baba mtoto, nanyi mnaandika kwenye rejista kuwa mwenza amepimwa. Hata ule utaratibu wa kuwatanguliza kwenye foleni waliokuja na waume, mimi siupendi. Ni adhabu ileile, imepakwa asali.

Kabla ya kumkabidhi mama kipimo, zungumza naye akiwa peke yake, si mbele ya mama mkwe wala shoga yake. Muulize waziwazi: amewahi kukupiga au kukutishia? Anakunyima pesa au ruhusa ya kutoka? Ukimwekea kipimo mezani leo jioni, unadhani atafanya nini? Swali hili la tatu ndilo lenye majibu ya kweli. Akisita, usimpe. Hofu yake inatosha, haihitaji ushahidi. Tumia njia isiyomtaja yeye: mwaliko unaotoka kliniki moja kwa moja (kwa ridhaa yake), au mhudumu wa afya wa jamii anayepima mtaa mzima bila kuchagua nyumba.

Kuhusu barua: nyingi zinashindwa kwa sababu zimeandikwa kama hati ya kuitwa polisi. Iandikwe kwa jina la baba, ifungwe, na neno VVU lisionekane juu wala ndani. Mwite kwa maandalizi ya kujifungua na kuangaliwa afya yake mwenyewe: shinikizo la damu, sukari, kundi la damu, kaswende. VVU litazungumzwa akishakaa kwenye kiti, na ana haki ya kukataa. Weka siku na saa anayoiweza, jioni au Jumamosi. Baba akifika saa tatu asubuhi akakalishwa kwenye benchi na akina mama arobaini mpaka saa saba, harudi tena.

Jambo moja wengi hulikosea: majibu ya mama ni ya mama. Kliniki haimwambii mume. Wakija pamoja, muulize kila mmoja faraghani kama anataka majibu yatolewe kwa pamoja kabla ya kupima, si baada.

---

Benchi_la_Maabara

Nijibu swali la kwanza. Vipimo vya kujipima viko vya aina mbili, vya majimaji ya fizi na vya damu ya kidole. Vya fizi ndivyo rahisi kubebwa na mama, kwa hiyo nitaeleza hivyo. Maelekezo ya kwenye boksi lako ndiyo ya mwisho, maana muda hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji.

Kwanza, asile, asinywe wala asitafune chochote kwa angalau dakika 15, na kama amepiga mswaki au kusukutua na dawa ya kinywa, asubiri nusu saa. Afungue kichupa cha maji na kukisimamisha kwenye kishikio chake kabla ya kufungua kijiti. Watu hufanya kinyume, wanabaki na kijiti mkononi huku wakihangaika na kifuniko, maji yanamwagika. Maji hayo hayanywewi na hayapakwi kwenye fizi. Kijiti kisishikwe kwenye sponji. Apitishe sponji fizi ya juu mara moja, upande hadi upande, kisha fizi ya chini mara moja. Si ulimi, si shavu, si kutema mate juu yake. Achovye kijiti kwenye kichupa na akiache humo. Asome baada ya dakika 20, asisome ikishapita dakika 40.

Kusoma: kwenye kijiti kuna herufi C (mstari unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) na T (mstari wa jibu). Mstari kwenye C peke yake, hakuna dalili ya maambukizi. Mistari miwili, C na T, kipimo kimeonyesha dalili na lazima athibitishe kituoni. C isipotokea, kipimo kimeharibika hata kama T ipo. Mstari wa T ukiwa hafifu kama penseli iliyofutwa, bado ni mstari. Hapo ndipo watu hujidanganya, na ndipo wahudumu hupotoshwa na picha za simu zilizopigwa asubuhi ya kesho yake. Picha isiyojulikana ilipigwa dakika ya ngapi haina thamani.

Hifadhi: nyuzi joto 2 hadi 30. Juu ya televisheni, dirishani kwenye jua au ndani ya gari si mahali pake. Kifuko kifunguliwe wakati wa kutumia tu.

Mume atauliza, na mama awe na jibu: "Kwani virusi viko kwenye mate?" Hapana. Kipimo kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili unatengeneza kupambana na virusi. Mate hayaambukizi. Asiyejibiwa hili anakiona kipimo ni utapeli na anakitupa.

Anayetumia ARV asijipime, kwani kipimo kinaweza kumpa jibu la uongo kwamba hana. Vilevile mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kuonekana hana, maana kingamwili bado ni chache.

Mpe mama vipimo viwili, kimoja chake, ili wapime pamoja. Mama akisema "tupime wote" ni tofauti kabisa na kumwambia mume "jipime". Katika utafiti wa Kisumu, Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, wanawake waliopewa vipimo wapeleke nyumbani waliripoti kwamba karibu asilimia 91 ya wenza wao walipima, dhidi ya karibu asilimia 52 kwa wale waliopewa mwaliko tu. Na mfanyishe mazoezi hapo hapo kliniki, akionyesha kwa mikono yake, si kwa kuitikia "nimeelewa".

---

Chumba_cha_ARV

Sawa, lakini tusishangilie kupima. Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba kipimo kikienda nyumbani peke yake wanaume wanapima, ila wanaofika kituoni baada ya hapo hawaongezeki kwa maana. Waliongezeka pale kipimo kilipoambatana na fedha kidogo baba akifika. Huenda huna bajeti hiyo, lakini somo ni kwamba shimo liko kati ya kijiti na mlango wa kliniki. Kwa hiyo ndani ya kifuko cha kipimo weka kadi: siku, saa, chumba namba fulani, na simu ya mhudumu mmoja. "Njoo wakati wowote" maana yake hakuna atakayekuja.

Mistari miwili si ugonjwa uliothibitika. Kituoni anapimwa upya kwa mfululizo wa vipimo vya nchi husika. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2019 linashauri vipimo vitatu mfululizo vyenye jibu chanya kabla ya kumwambia mtu ana VVU. Ikithibitika, dawa zianze siku ileile akiwa tayari, au ndani ya siku 7. Kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir.

Siku hiyohiyo mgeukie mama. Kama alikuwa hana VVU, apimwe tena. Tendo la ndoa likiwa limefanyika ndani ya saa 72, aanzishiwe PEP (dawa za kuzuia maambukizi baada ya kukutana na hatari), siku 28. Kama zimepita, PrEP (dawa za kujikinga kabla ya kukutana na hatari), ambayo ni salama kwa mjamzito na anayenyonyesha, pamoja na kondomu, mpaka virusi vya mume vifubae. Haraka hii ina sababu: mama anayeambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha anakuwa na virusi vingi mno wiki za mwanzo, wakati kadi yake bado inasema hana. Mtoto huyo anapata dozi kubwa ya hatari na hakuna anayemwangalia.

Ikiwa mama ndiye mwenye VVU na baba hana, baba apewe PrEP hadi mama awe ametumia ARV kwa angalau miezi 6 na wingi wa virusi usionekane kwenye kipimo. Mama akifika hapo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Waambie wote wawili, wakiwa pamoja kama wameridhia.

---

Mnasihi_wa_Wenza

Swali la tatu halijaguswa. Mstari mmoja ndio mwanzo wa kazi, na hapa kliniki nyingi humwacha baba aende. Kwanza, wengi hudhani majibu ya mke ni yao. Wenza wenye majibu tofauti wapo wengi, na mkeo kutokuwa na VVU hakusemi lolote kuhusu wewe. Pili, kipindi chenye hatari kiko mbele: mwishoni mwa ujauzito na miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Wenza wengi husitisha tendo, baadhi ya wanaume hutafuta nje, na mwili wa mama wakati huo huambukizwa kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo mpe baba asiye na VVU tarehe ya kurudia kupima baada ya miezi 3, kondomu, PrEP kama ana wenza wengine, na rufaa ya tohara. Tohara hupunguza hatari yake ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini haimkingi mke moja kwa moja, na lazima wiki 6 za kupona zipite bila tendo. Mwambie hilo la wiki 6 mbele ya mke, maana nyumbani hulisahau.

PrEP ya vidonge kwa mwanamume si lazima iwe ya kila siku maishani. Asiyekutana na hatari mara kwa mara anaweza kumeza 2 kati ya saa 2 na 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya hivyo vya kwanza, na kimoja tena saa 24 zinazofuata. Mpango huu ni wa wanaume tu. Mama asiuige, yeye anameza kila siku.

---

Zamu_ya_Asubuhi

Asanteni sana. Moja la haraka: mama akikutwa na kaswende kwenye kile kipimo cha pamoja cha VVU na kaswende, baba naye anahesabiwaje?

---

Benchi_la_Maabara

Atibiwe naye, usisubiri dalili. Mama akichomwa benzathine penicillin na mume akabaki, anaambukizwa upya kabla hajajifungua. Na kidonda cha kaswende ni mlango wa VVU. Kwenye rejista tenganisha safu nne: kipimo kimetolewa, kimetumika, jibu, amefika kituoni. Safu ya kwanza isijumlishwe kama wanaume waliopimwa.