Chai ya Boston HAIKUPANDISHWA bei! Acheni kuwalisha watoto wetu madesa ya uongo

Wakuu, salaam.

Nina hasira tangu juzi jioni. Binti yangu yuko kidato cha tano na jioni anasoma tuisheni ya Historia. Juzi karudi na karatasi ya jaribio, swali la tatu limepigwa mkasi wa wino mwekundu, sifuri kati ya alama 4. Swali lenyewe: kwa nini watu wa Boston, mji wa koloni la Uingereza huko Amerika, walimwaga chai baharini mwaka 1773? Mtoto kaandika kwamba Sheria ya Chai iliishusha bei, ila walowezi waliikataa kwa sababu ilikuja na kodi ambayo hawakushirikishwa kuipitisha. Pembeni mwalimu kaandika: "Bei ilipandishwa. Soma notisi."

Nikaziomba hizo notisi nizisome. Karatasi moja iliyotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia: Uingereza ilipandisha bei ya chai, wananchi wakakasirika, wakafanya mapinduzi. Basi! Ugomvi wa zaidi ya miaka 10 umekuwa sentensi moja, na sentensi yenyewe ni ya uongo.

Jamani, mwaka 1773 Kampuni ya India Mashariki ilikuwa hoi kifedha, maghala yake London yamejaa mamilioni ya ratili za chai isiyo na mnunuzi. Bunge la Uingereza likaamua kuiokoa kwa hiyo Sheria ya Chai. Likairudishia ushuru iliokuwa ikilipa Uingereza na kuiruhusu ipeleke chai Amerika moja kwa moja, kwa mawakala wake yenyewe. Chai halali ikashuka bei hadi kuweza kushindana na ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi. Kilichobaki ni peni 3 kwa kila ratili, ushuru aliouleta Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza, mwaka 1767. Hizo peni 3 ndizo zilizowasha moto. Ukinunua ile chai, hata kama ni rahisi, umeshakubali kwamba Bunge lililo ng'ambo ya bahari, ambalo huna mbunge hata mmoja ndani yake, lina haki ya kukutoza. Wafanyabiashara walioachwa nje ya mpango, wa magendo wakiwamo, nao walikuwa na yao moyoni. Hilo pia watoto waambiwe.

Na hata miaka 9 kabla ilikuwa hivyohivyo. Sheria ya Sukari ya 1764 ilishusha ushuru wa molasi ya kigeni kutoka peni 6 hadi peni 3 kwa galoni. ILISHUSHA! Watu walichachamaa kwa sababu zile peni 6, zilizowekwa tangu 1733, zilikuwa hazilipwi. Maofisa wa forodha walikuwa wakihongwa mambo yanakwisha. Sasa Uingereza ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Miaka Saba dhidi ya Ufaransa, deni lake limekaribia kuwa mara mbili, ikakusudia kukusanya kweli, na kesi zipelekwe kwenye mahakama ambako jaji anaamua peke yake.

Ikaja Sheria ya Stempu, 1765. Gazeti, hati ya mahakama, leseni, hata karata za kuchezea, vyote vilipiwe mhuri. Tarehe 14 Agosti watu wa Boston wakatundika mtini sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kusimamia stempu. Oktoba wajumbe wa makoloni 9 wakakutana New York kuipinga. Machi 18, 1766 Bunge likaifuta sheria, na siku hiyohiyo likapitisha nyingine inayosema lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. Soma hapo mara mbili. Kodi imeondolewa, na ugomvi uko palepale.

Sasa njoo kwenye usiku wenyewe, Desemba 16, 1773. Meli ya Dartmouth ilifika tangu Novemba 28, na siku 20 za kulipia ushuru forodhani, la sivyo shehena ikamatwe, zilikuwa zinaisha. Gavana Hutchinson kakataa meli ziondoke na chai yao, na wanawe ni miongoni mwa mawakala wa chai hiyohiyo! Watu wakapanda meli tatu, wakapasua makasha 342 kwa mashoka. Maji yalikuwa yamekupwa, chai ikalundikana ubavuni mwa meli kama majani yaliyofyekwa, ikabidi wengine waingie kuisukuma isirudi juu.

Haya nilimsimulia binti yangu mezani, akaniuliza maswali mpaka chakula kikapoa. Ndiyo maana alijibu alivyojibu.

Nimempigia simu msimamizi wa kituo. Ananiambia, "Mzazi, mwanafunzi aandike kama alivyofundishwa." Sikuamini masikio yangu. Ada nalipa kila mwezi, na mtoto jana usiku kaniuliza, "Baba, kwenye mtihani niandike la kweli au la notisi?" Nyie mngemjibu nini?

Walimu wa Historia mliomo humu, niambieni: hili desa la bei kupanda limetoka wapi, na nani bado analigawa? Jumatatu saa kumi jioni niko pale kituoni na karatasi mkononi. Alama 4 za mwanangu nazitaka.