Subaru Forester ya tabo imezidisha presha: nipime kompresheni, nifungue injini au ninunue ya mtumba?

Mlimanyoka: Wakuu habarini. Juzi napandisha mlima Kitonga, geji ya tabo (ile pampu inayosukuma upepo kwenye injini) ikapanda kuliko kawaida, gari ikashtuka na kukata nguvu mara mbili. Tangu hapo sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka. Fundi mmoja anasema tupime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, mwingine anataka afungue injini kabisa, wa tatu ana injini ya mtumba mkononi. Jumamosi natakiwa niamue. Mnanishauri nini?

Kaka Boksa: Forester ipi mkuu? Geji ilisoma ngapi? Moshi je? Oili inapungua? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mlimanyoka: SG5 ya 2004, injini EJ205, tabo ya kiwandani. Ilipita baa 1.3. Asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo.

Kaka Boksa: Kule kushtuka ni kontrolboksi (kompyuta ya injini) kukata mafuta ili kuiokoa injini. Kagua ule mpira mwembamba unaopeleka presha kwenye wesigeti, kile kilango cha kupunguza presha ya tabo. Ukipasuka au kuchomoka, wesigeti haifunguki na tabo inajaza tu. Usipoanzia hapo, hata hiyo ya mtumba utaiua. Kisha chomoa plagi, uzipange kwa namba za silinda. Ukiona vinukta vya kung'aa kwenye kauri nyeupe, hiyo ni aluminiamu ya pistoni.

Tajiri wa Spana: Uza, nunua Toyota. Injini yake ya 1JZ haina haya mambo.

Kaka Boksa: Mtu kauliza kuhusu pistoni, wewe unaleta ushabiki.

Dada Gereji: Mimi nasimamia kipimo cha uvujaji. Pistoni ikae juu kabisa, valvu zimefungwa, ingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi, halafu tega sikio. Upepo ukitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au kingo za pistoni zinazoshika ringi. Kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi. Kwenye Subaru hizi naanza na silinda namba 4, ile ya nyuma kushoto. Kompresheni peke yake inadanganya, kwani oili iliyopita kwenye ringi inaziba na namba inapanda.

Mwana Tukuyu: Msikilize dada. Yangu ilipimwa kompresheni injini ikiwa ya baridi, betri imechoka, na pedeli ya mafuta haijakanyagwa. Silinda zote nne zikasoma chini kwa usawa, fundi akatangaza ringi zimekwisha. Injini ikashushwa, ikafunguliwa, na ndani ya silinda ile mistari ya kiwandani bado inaonekana vizuri, yaani hazijalika! Nikanunua gasketi zote, ikafungwa, ikaanza kuvuja oili mahali ambapo haikuwahi kuvuja. Tatizo la mwanzo halikuondoka. Fundi mwingine akabadilisha sensa ya upepo, gari ikatulia. Hela ya kufungua ilikwenda bure, hadi leo inaniuma.

Tajiri wa Spana: Ndiyo maana nasema injini ya mtumba. Unafunga, unaondoka.

Dada Gereji: Na hiyo ya mtumba nani kaipima? Nayo ipimwe kabla hujatoa hela.

Pwani 255: Hakuna anayegusa petroli. Gari hizi zilitengenezewa petroli ya Japan ya oktani 100. Yetu haifiki hapo, injini inagonga mapema.

Kaka Boksa: Kwa presha ya kiwandani kontrolboksi inarudisha nyuma taimingi (muda wa plagi kuwasha), inavumilia. Kwa 1.3 haiwezi.

Pwani 255: Inavumilia mpaka lini? Za huku joto limeziua bila hata kuzidisha presha.

Mlimanyoka: Mpira umepasuka kweli, karibu na klipu. Plagi ya 4 imelowa oili, vinukta sijaviona, labda taa ni hafifu. Dada, Mbeya nani ana hicho kipimo cha upepo?

Mwana Tukuyu: Kuna mtu Mwanjelwa, nitakutumia namba yake pembeni. Usiiwashe tena hadi apime.

Pwani 255: Na ukimaliza, utaniambia unajaza mafuta wapi.